Masomo Mtandaoni: Mwanafunzi Abaki Nyumbani au Apange Chumba?

Tarehe 15 Machi 2020, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufungwa kwa shule na vyuo nchini Kenya kwa sababu ya Uviko-19. Vyuo vikuu vilipewa hadi Ijumaa ya tarehe 20 kufunga milango, na wapangaji wanafunzi wa Juja, Kahawa Wendani na Ngara wakafunga mabegi kurudi kwao. Vyuo kadhaa vilipoanza kufundisha kwa mtandao, mzozo ukahamia sebuleni: kijana anaomba kodi ya chumba mjini, mzazi anauliza chumba cha nini ilhali darasa liko kwenye simu.

Mzozo huo haukuondoka na janga. Leo zipo kozi zinazosomwa nusu darasani na nusu mtandaoni, na tangu 2023 Kenya ina Chuo Kikuu Huria chake, kinachofundisha kwa mtandao. Kila familia yenye mwanafunzi wa namna hii hulazimika kupiga hesabu ileile. Kwa bahati mbaya wengi huanza kwa kuhesabu bando na kodi, kumbe kinachoamua zaidi ni saa za mwanafunzi na nani mwenye mamlaka juu yake.

Kwanza tutazame masomo yenyewe. Elimu ya masafa ni ya zamani kuliko intaneti. Chuo Kikuu cha London kilifungua mitihani yake kwa wanafunzi wa nje mwaka 1858, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya 1992, kikaanza kazi mwaka uliofuata. Mfumo wa vyuo hivi ulibuniwa kwa mtu anayeishi kwake: mwalimu wa shule ya msingi Songea, karani wa Tabora, mama mwenye watoto. Anapewa vitabu na moduli, anasoma usiku au alfajiri, na mtihani anaufanyia kwenye kituo cha mkoani kwake. Mwanafunzi wa mfumo huu hana haja ya kuhama ili asome.

Kilichotokea 2020 kilikuwa kitu kingine. Mhadhara uleule wa ukumbini ulihamishiwa kwenye skrini, kwa ratiba ileile, ndani ya wiki chache. Machi mwaka huo mtaalamu wa teknolojia ya ufundishaji Charles Hodges na wenzake waliandika makala wakisisitiza kwamba ufundishaji wa dharura kwa mbali usichanganywe na elimu ya mtandaoni iliyopangwa tangu mwanzo. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa kwa swali letu. Somo lililorekodiwa humsubiri mwanafunzi amalize kuosha vyombo. Kipindi cha mubashara cha saa nne asubuhi hakimsubiri mtu. Kwa hiyo kabla ya kutafuta chumba, uliza chuo: ni vipindi vingapi kwa wiki vya mubashara, na je, vinarekodiwa?

Sasa twende nyumbani. Katika nyumba nyingi za kwetu, kijana aliyerudi kutoka chuo ni mkono wa ziada. Kuna duka la kusimamia, ng'ombe wa kukamua, wadogo wa kupeleka shule, mgonjwa wa kuuguza. Mtu aliyeinamia simu kwenye kochi haonekani kuwa yuko kazini. "Si uko tu kwenye simu? Hebu nichotee maji." Kwa msichana mzigo huwa mzito zaidi, kwa sababu jiko humwita hata kama kaka yake amekaa bure barazani. Hakuna ubaya wa moyo hapa. Mzazi anaona mtoto yuko nyumbani, na mtoto wa nyumbani hutumwa. Mwanafunzi anayeomba chumba cha kupanga mara nyingi anaomba haki ya kusema "niko darasani" bila kuonekana mkaidi.

Harvard ilikiri jambo hili waziwazi. Julai 2020 ilitangaza kwamba masomo yote ya shahada ya kwanza yangekuwa mtandaoni, lakini hadi asilimia 40 ya wanafunzi wangekaa chuoni: wa mwaka wa kwanza, pamoja na wale ambao mazingira ya nyumbani hayakuwawezesha kusoma. Hata chuo tajiri chenye wanafunzi wenye laptopu kiliona kwamba kuna nyumba ambazo mtu hawezi kusoma ndani yake.

Hoja ya mtandao na umeme ni ya kweli, ila hukuzwa kupita kiasi. Saa moja ya kikao cha video cha kundi inaweza kula karibu gigabaiti nzima. Ukizima video na kubaki na sauti, matumizi hushuka hadi makumi machache ya megabaiti. Mhadhiri anayetuma maandishi na sauti huokoa bando kuliko kuhamia mjini. Vijiji visivyo na mnara wa karibu ni habari nyingine. Hali yao ilikuwa ngumu kiasi kwamba Julai 2020 Kenya ilianza kutumia maputo ya kampuni ya Loon kurusha intaneti kutoka angani. Mapema mwaka uliofuata kampuni hiyo ilitangaza kufunga mradi wote. Anayepanda mlima kutafuta mtandao kila kipindi ana sababu ya kutosha ya kuhama. Anayekatikiwa umeme mara moja kwa wiki hana, kwa kuwa mjini nako umeme hukatika.

Upande wa fedha una mtego wake. Dar es Salaam mwenye nyumba mara nyingi hudai kodi ya miezi mitatu, sita, hata mwaka, kwa mkupuo. Ratiba ya chuo ikibadilika katikati ya muhula, pesa hiyo hairudi. Tena hosteli bila chuo hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake. Novemba 2020 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Manchester, waliohamia hosteli na kukuta masomo mengi yako mtandaoni, walibomoa uzio uliozungushiwa makazi yao ya Fallowfield; kulikuwa pia na mgomo wa kodi, na chuo kikapunguza kodi ya muhula huo kwa asilimia 30. Walikuwa wamelipia ujirani wa wenzao, wakapata kuta.

Wapo ambao hesabu yao ni tofauti. Mwanafunzi wa udaktari, uhandisi au kilimo anahitaji maabara, wodi na shamba. Kwake mtandao ni nyongeza, na kuishi karibu na chuo ni sehemu ya kozi. Yupo pia aliyesajiliwa ng'ambo. Kipindi cha saa nane mchana Boston ni saa tatu usiku Nairobi, na majira yao ya baridi yakiingia husogea hadi saa nne. Hapo nyumbani panaweza kufaa kuliko hosteli, maana nyumba imeshalala na hakuna wa kumtuma.

Wazazi wengi hupendekeza njia ya katikati: "Nenda ukae kwa mjomba wako mjini." Ushauri huu naukataa kwa mwanafunzi wa vipindi vya mubashara. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa mama yake anaweza kulalamika kwamba ana kipindi. Kwa mke wa mjomba atanyamaza na kushika ufagio. Atakuwa amepoteza uhuru wa chumba chake na deko la nyumbani kwa pamoja.

Utaratibu ninaoshauri ni huu. Muhula uanzie nyumbani, ratiba ya vipindi ikibandikwa ukutani mahali ambapo hata wadogo wataiona, na mzazi ndiye awatangazie wengine kwamba saa hizo kijana hatumwi. Saa zilizobaki afanye kazi za nyumbani kama wenzake, bila kisingizio cha chuo. Majaribio ya kwanza yakirudi, mkae na matokeo mezani: vipindi vingapi alikosa, na kwa sababu gani. Sababu ikiwa uvivu, chumba kitauongeza. Ikiwa ni kutumwa, kelele au mtandao usioshikika, mpangieni chumba, ikiwezekana achangie na mwenzake wa kozi moja, kwa kodi ya muda mfupi. Familia isiyoweza kulinda saa zake ihesabu kodi hiyo kama sehemu ya ada tangu siku ya usajili, maana ada iliyolipiwa vipindi asivyohudhuria imepotea vilevile.