Mtoto Asiyetulia Si Mtoto Asiyefaa

Ilagala ni kijiji cha kazi. Kipo karibu na mahali mto Malagarasi unapoingia Ziwa Tanganyika. Watu wake huvua dagaa na migebuka. Hulima mihogo na michikichi. Hukamua mawese na kuyauza.

Katika kijiji kama hiki hakosekani kijana wa namna hii. Darasani hakai kitako. Akitumwa chumvi, anarudi na kiberiti. Anaanza kazi tatu, hamalizi hata moja. Anasema kabla ya kufikiri. Watu wanamwita mtundu na mvivu. Anachapwa, lakini fimbo haibadilishi kitu.

Kwa watoto wengi huo ni utoto tu. Lakini wengine wana hali ambayo hospitalini huitwa kwa herufi nne: ADHD. Hali hii inatokana na namna ubongo unavyofanya kazi. Huanza utotoni, na mara nyingi hupatikana katika ukoo mmoja. Si uchawi. Si kosa la mama. Wengi huendelea nayo hata ukubwani.

Je, mtu wa namna hii anaweza kufaulu katika kazi?

Mwaka 2008 wataalamu walitoa habari za Waariaal, wafugaji wa kaskazini ya Kenya. Waliwapima wanaume wapatao 150. Baadhi walikuwa wakihamahama na mifugo. Wengine walikuwa wamehamia mahali pamoja. Wataalamu walitazama chembe moja ya urithi inayohusishwa na hali hii. Miongoni mwa waliohamahama, wenye chembe hiyo walikuwa na miili yenye lishe bora kuliko wenzao. Miongoni mwa waliotulia mahali pamoja, wenye chembe hiyo walikuwa wamekonda kuliko wenzao. Chembe ni ile ile. Maisha ndiyo tofauti.

Uchunguzi mmoja haumalizi mambo. Lakini unatupa fundisho: tabia inayomwangusha mtu mahali hapa, yaweza kumsaidia mahali pengine.

Huko Marekani yupo mfanyabiashara David Neeleman. Amesema wazi kuwa ana hali hii. Alianzisha shirika la ndege la JetBlue, na baadaye Azul huko Brazili.

Sasa turudi ziwani. Kuvua dagaa usiku kwa taa kunataka mtu mwepesi. Kila saa kuna jambo jipya. Kijana asiyetulia anaweza kuchangamka sana hapo. Sokoni pia anaweza kuwa wa kwanza kuona biashara mpya na kuthubutu kuijaribu.

Lakini tusidanganyane. Wepesi peke yake hautoshi. Dagaa wakisahauliwa mvuani, huoza. Mawese yakiwa mengi, bei hushuka. Mwenye papara huuza yote siku hiyo hiyo. Mwenye subira huweka mengine mpaka bei ipande. Tena watu wenye hali hii hupata ajali zaidi kuliko wengine. Ziwani lazima wavae jaketi la kuokolea.

Basi tufanye nini?

1. Mzazi, usimtoe mtoto shuleni. Mpe kazi fupi fupi, moja baada ya nyingine. Akimaliza, msifu.

2. Mwalimu, mkalishe mbele. Mpe nafasi ya kusimama, afute ubao au agawe madaftari.

3. Kijana, andika mambo yako katika daftari. Usikope siku ile ile unapopata wazo. Lala nalo kwanza.

4. Fanya biashara na mwenzako mtulivu. Wewe tafuta wanunuzi. Yeye atunze fedha na hesabu. Kidole kimoja hakivunji chawa.

5. Hali ikizidi, nendeni zahanati mwombe kuelekezwa hospitali. Mafunzo na dawa zipo. Dawa hutolewa na daktari tu.

Mtumbwi mwepesi hukimbia kuliko mingine, lakini unahitaji mtu wa kushika usukani. Mtoto huyu naye ni vivyo hivyo. Tusiutoboe mtumbwi. Tushike usukani.

Maswali ya kuzungumza:
Je, katika kijiji chenu yupo mtoto wa namna hii? Ni kazi gani anaifanya vizuri kuliko wenzake? Nani anaweza kumsaidia?