Kisangani: Orodha mbili zikiunganishwa vibaya, mhanga anapotea bila kelele

Kila mwaka, kuanzia tarehe 5 mpaka 10 Juni, mji wa Kisangani unakumbuka vita vya siku sita vya mwaka 2000, wakati majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana kwa silaha nzito katikati ya wakaaji. Ripoti ya Mapping ya Umoja wa Mataifa, iliyotolewa mwaka 2010, inasema kwamba raia waliouawa ni kati ya 244 na 760. Tofauti kati ya hesabu hizo mbili ni zaidi ya watu mia tano. Kila mmoja wao alikuwa na jina, jamaa na nyumba, lakini mpaka leo haijulikani vizuri ni nani yupo ndani ya hesabu na ni nani yupo inje.

Jambo hilo si la historia tu. Tarehe 9 Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya La Haye iliamua Uganda ilipe Kongo dola milioni 325: milioni 225 kwa ajili ya watu walioumizwa na waliouawa, milioni 40 kwa mali, na milioni 60 kwa utajiri wa asili. Malipo yalipangwa kwa mafungu matano ya dola milioni 65 kila mwaka, kuanzia Septemba 2022. Kongo ilikuwa imeomba zaidi ya dola bilioni 11. Sababu moja kubwa ya tofauti hiyo ni ushahidi: mahakama iliona kwamba sehemu kubwa ya makaratasi yaliyoletwa haikutosha kuonyesha nani aliumia, wapi, na kwa kiasi gani. Ndiyo maana ilikata jumla moja kwa kila aina ya hasara. Kwa kugawa fidia hiyo, serkali ya Kongo ina mfuko wake, FRIVAO.

Tangu hapo, neno "orodha" limekuwa zito mjini Kisangani. Kabla ya kuuliza pesa ziko wapi, mhanga anauliza: je, jina langu lipo?

Karatasi za mama mmoja wa Kabondo

Tuchukue mfano, wa kuwaza tu. Mama mmoja wa komini ya Kabondo alipoteza mtoto na nyumba mwaka 2000. Jina lake linaweza kuandikwa mahali patatu. Mahali pa kwanza ni orodha ya wahanga, yenye jina, mwaka wa kuzaliwa, kartie na avenyu. Mahali pa pili ni rundo la ushahidi: karatasi ya hospitali, cheti cha kifo, picha ya nyumba. Mahali pa tatu ni orodha ya malipo. Orodha hizi tatu hazikuandikwa siku moja wala na mkono mmoja.

Ikiwa kazi hii inafanywa kwa kompyuta, vijana wengi wanaosoma informatiki leo wangetumia hifadhidata ya hati, kama vile MongoDB. Humo, kila mtu ana hati yake, na hati za aina moja zinawekwa pamoja katika mkusanyiko. Uzuri wake ni kwamba hati hazilazimiki kufanana: mhanga mmoja anaweza kuwa na karatasi tano, mwingine asiwe na hata moja. Hatusemi kwamba FRIVAO inatumia chombo hiki. Tunasema kwamba yeyote anayeunganisha orodha za watu, kwa chombo chochote, anakutana na hatari zilezile.

Namna orodha zinavyounganishwa

Tangu toleo la 3.2, lililotoka mwisho wa mwaka 2015, MongoDB ina hatua inayoitwa $lookup. Inafanya kazi kama karani mwenye madaftari mawili. Anachukua hati ya mhanga, anatazama namba yake, kisha anafungua daftari la ushahidi na kutafuta kila karatasi yenye namba hiyohiyo. Anazibandika zote pamoja ndani ya hati ya mhanga, na anapita kwa mtu anayefuata. Mwandishi wa programu anamwambia mambo manne tu: daftari lipi la kufungua, namba ya huku inaitwaje, namba ya huko inaitwaje, na matokeo yawekwe chini ya jina gani.

Hatua hii inafuatana na zingine katika mfululizo mmoja: $match inachuja, $unwind inatawanya karatasi zilizobandikwa ili kila moja iwe na mstari wake, $group inahesabu. Kwa dakika chache, kazi ya makarani wa wiki nzima inamalizika. Lakini karani huyu hana mashaka wala huruma, na makosa yake ni ya aina tatu.

Kosa la kwanza: mtu anapotea

Karani anatafuta ulinganifu kamili. Ikiwa orodha moja imeandika 417 kama namba, na nyingine imeandika "0417" kama maneno, kwake hivyo ni vitu viwili. "Kabondo" na "C/Kabondo" kwake ni mahali pawili. Béatrice mwenye alama juu ya herufi na Beatrice asiye nayo ni wanawake wawili.

Asipopata kitu, $lookup haimfuti mhanga. Inamwachia kikapu kitupu. Hatari inakuja kwa hatua inayofuata: $unwind, ikikuta kikapu kitupu, inaitupa hati nzima. Kompyuta haionyeshi kosa lolote. Orodha inatoka safi, nzuri kwa macho, ila mama wa Kabondo hayumo tena. Dawa ipo, na ni ya maneno machache: kuandika preserveNullAndEmptyArrays: true ndani ya $unwind, ili mwenye kikapu kitupu abaki kwenye orodha.

Kosa la pili: mtu anapewa karatasi za wengine

Kama hati ya mhanga haina namba kabisa, $lookup inaihesabu kama yenye namba tupu. Kisha inamletea kila karatasi ya ushahidi ambayo nayo haina namba. Kwa hiyo mtu asiyeandikishwa vizuri anaweza kujikuta na vyeti vya vifo vya jamaa kumi asizozijua. Mtu wa kweli anaonekana kama mwongo. Kwa hiyo wasio na namba wanapaswa kutengwa mapema, wawe na orodha yao, na mtu awafuate mmoja mmoja.

Kosa la tatu: mtu anahesabiwa mara mbili

Mhanga mwenye karatasi tatu, baada ya $unwind, anakuwa mistari mitatu. Anayehesabu mistari akidhani anahesabu watu, ataandika malipo matatu kwa mtu mmoja. Katika mfuko wenye kiasi kilichokatwa na mahakama, pesa ya ziada kwa mmoja inatoka kwa mwingine. Lazima kukusanya tena kwa namba ya mtu, kwa $group, kabla ya kuhesabu chochote.

Hesabu kabla, hesabu baada

Kinga ya kwanza ni namba moja kwa kila mtu, inayotolewa siku ya kuandikwa, isiyobadilika na isiyorudiwa. Majina hayafai kazi hiyo, kwani mjini Kisangani watu wengi wana majina yanayofanana.

Kinga ya pili ni hesabu. Kama watu 500 waliingia kwa mfululizo na 463 wakatoka, kazi haijamalizika: wale 37 wanapaswa kuonekana kwa majina, na sababu ya kila mmoja iandikwe.

Kinga ya tatu haiko ndani ya kompyuta. Ni kuchukua orodha ya waliokosa ulinganifu na kuisoma mbele ya wakuu wa kartie na watu wa avenyu, Kabondo kama vile Makiso, Tshopo, Mangobo, Lubunga na komini ya Kisangani. Majina tu yanatosha; karatasi za hospitali ni siri ya mgonjwa. Jirani aliyekuwapo Juni 2000 anaweza kusema kwa sentensi moja kwamba Béatrice na Beatrice ni mama mmoja, na nyumba yake ilikuwa pale. Mashine haiwezi kujua hilo, hata ikipewa siku nzima.

Kwa hiyo siku orodha itakapobandikwa ukutani, kuna swali la kuwauliza walioiandaa kabla ya kuuliza ni wangapi wamo: wale ambao kompyuta haikuwapata, orodha yao iko wapi?