Kwa Nini Nuru Haitoki Katika Shimo Jeusi

Ndugu wasomaji, nanyi wakubwa wetu mliokwisha kutoka shuleni, nina deni, na leo nataka kulilipa. Muhula uliopita, katika chama chetu cha mjadala, niliwaambia wadogo zetu ya kwamba habari za shimo jeusi la angani ni hadithi tu. "Nuru haina uzito," nilisema. "Kitu kisicho na uzito kitavutwaje?" Wakanipigia makofi mengi. Baadaye mwalimu wetu wa fizikia alinieleza kwa upole, nikatambua ya kuwa nimepigiwa makofi kwa kosa.

Kosa langu ni kudhani kwamba uvutano ni kama kamba ishikayo uzito. Mwaka 1915 Albert Einstein alieleza ya kuwa kitu kizito hupinda nafasi na wakati vilivyokizunguka, na kila kipitacho hapo, hata nuru, hufuata pindo hilo. Jambo hili lilipimwa jua lilipopatwa tarehe 29 Mei 1919. Arthur Eddington alikuwa katika kisiwa cha Principe, magharibi ya Afrika, na wenzake walikuwa Sobral, nchi ya Brazili. Picha zao zilionyesha nyota zilizo kando ya jua kana kwamba zimesogea kidogo, maana nuru yao ilipindwa ilipopita karibu na jua.

Sasa tulitazame shimo jeusi. Huko Uganda yapo maporomoko ya Murchison, ambapo mto Naili hubanwa katika mwanya wa meta 7 hivi. Fikirini mpiga kasia asiyechoka, ambaye mwendo wake juu ya maji ni uleule daima. Akiwa mbali na maporomoko, aweza kugeuza mtumbwi na kupanda mto. Akikaribia, maji huzidi kasi, hata afike mahali ambapo mwendo wa maji ni sawa na wake: apiga kasia, wala hasogei. Akipita hapo, ajapopiga kasia kwenda juu, atateremka tu.

Mpiga kasia huyo ni nuru, iendayo kilomita 300,000 kwa sekunde, na mahali pale ndipo ukingo wa shimo jeusi. Nuru haikuchoka, ni njia zote zilizogeuka kuelekea ndani. Ile itokayo nje kidogo tu ya ukingo huponyoka, lakini hupoteza nguvu, na rangi yake huelekea wekundu. Kama jua letu lingebanwa likawa shimo jeusi, ukingo wake ungekuwa kilomita 3 tu kutoka katikati. Kwenye kilomita 4 na nusu nuru ingeweza kulizunguka.

Tarehe 10 Aprili 2019 wataalamu walitoa picha ya shimo jeusi la galaksi M87, lenye uzito wa majua bilioni 6 na nusu. Nuru yake husafiri miaka milioni 55 kutufikia. Picha ni pete ya nuru yenye giza katikati. Giza hilo ni kivuli, nacho ni kipana kuliko ukingo mara mbili na nusu hivi, kwani nuru ikaribiayo mno humezwa.

Basi, wadogo zangu, mkisikia tena hoja tamu, msifanye haraka kupiga makofi. Iulizeni kwanza hesabu zake. Deni langu nimelilipa.