Haipo, Haiko au Haimo? Uchunguzi wa Seva Zisizoonekana katika Programu za Orodha ya Mtandao

Ikisiri

Makala haya yanaeleza sababu zinazofanya seva isionekane katika programu ya kuorodhesha vifaa vya mtandao, ilhali seva hiyo inafanya kazi. Hoja kuu ni kwamba kukosekana orodhani ni tokeo la namna programu ilivyouliza, wala si ushahidi kwamba seva haipo. Viambishi vya mahali vya Kiswahili, yaani -po, -ko na -mo, vinatumika kupanga hatua za uchunguzi.

1.0 Utangulizi

Programu ya orodha ya mtandao ni ile inayotafuta mashine zilizounganishwa katika mtandao wa taasisi na kuweka kumbukumbu za kila moja: jina, anwani, mfumo endeshi na programu zilizomo. Msimamizi huitegemea orodha hiyo anapotaka kujua ni mashine zipi zinazohitaji marekebisho ya usalama. Kwa hiyo seva isiyoorodheshwa hairekebishwi.

Athari za hali hiyo zilidhihirika mwaka 2017 katika kampuni ya Marekani iitwayo Equifax, inayohifadhi taarifa za mikopo ya watu. Mwezi Machi mwaka huo kasoro ya programu ya Apache Struts ilitangazwa hadharani. Kampuni ilitoa agizo la kurekebisha, kisha ikaendesha ukaguzi wa kutafuta mahali programu hiyo ilipokuwa. Ukaguzi haukupata kitu. Kwa mujibu wa uchunguzi wa Bunge la Marekani, kampuni haikuwa na orodha kamili ya mifumo yake. Aidha, chombo cha ukaguzi kilitazama saraka kuu, yaani fungu la juu la majalada, bila kushuka katika saraka ndogo ambamo programu ilikuwamo. Wavamizi waliingia mwezi Mei, wakagunduliwa mwishoni mwa Julai. Taarifa za watu wapatao milioni 147 zilikuwa zimefikiwa. Jibu la “hakuna” lilichukuliwa kuwa ni ukweli kuhusu mtandao, kumbe lilikuwa ni ukweli kuhusu ukaguzi wenyewe.

2.0 Maana tatu za kukosekana

Kiswahili kinatofautisha mahali dhahiri (-po), mahali pasipo dhahiri (-ko) na mahali pa ndani (-mo). Tofauti hiyo inafaa sana hapa. Seva haipo ikiwa mashine yenyewe imezimwa au imeondolewa pale ilipojulikana kuwapo. Seva haiko, kwa mtazamo wa programu, ikiwa mashine inafanya kazi lakini ujumbe wa programu haufiki kwake. Seva haimo ikiwa ujumbe umefika, ila taarifa hazikuingia orodhani au zimeingia na kufichwa. Kila hali ina tiba yake, na kosa la kawaida ni kutibu moja kwa dawa ya nyingine.

2.1 Je, ipo?

Hatua ya kwanza ni kuthibitisha kuwapo kwa seva kwa njia isiyotegemea programu ya orodha. Kwa seva pepe, yaani iliyoundwa kwa programu ndani ya mashine nyingine, ushahidi unapatikana katika programu inayoziendesha seva hizo. Kwa seva ya kawaida, majedwali ya swichi huonyesha ni kifaa gani kimeunganishwa wapi. Jina lililomo katika mfumo wa majina ya mtandao (DNS) si ushahidi wa kutosha, kwani jina huweza kubaki miaka mingi baada ya mashine kuondolewa.

2.2 Je, iko?

Programu nyingi huanza kwa kutuma ujumbe wa mwangwi, ulioainishwa katika itifaki ya ICMP mwaka 1981. Anwani isiyojibu hurukwa. Tatizo ni kwamba seva nyingi zimekatazwa kujibu. Tangu mwaka 2004, toleo la pili la marekebisho ya Windows XP lilipotoka, ngome ya Windows, yaani programu inayochuja mawasiliano, huwashwa tangu mwanzo, na kwa kawaida huzuia mwangwi. Kwa hali hiyo ukimya hauthibitishi kitu. Inafaa kujaribu mlango wa huduma moja kwa moja, yaani nambari inayoelekeza ujumbe kwenye huduma mahususi: kwa mfano, mlango 22 kwa seva za Linux zinazotumia SSH, au 135 kwa seva za Windows. Jaribio lifanywe kutoka katika mashine ileile yenye programu ya orodha, kwa kuwa njia inayofunguka kutoka mezani kwa msimamizi huenda imefungwa kutoka huko.

Jambo la pili ni mipaka ya utafutaji. Kitengo cha mtandao chenye anwani 256 za IPv4 huacha 254 kwa vifaa, na programu huzipitia zote kwa muda mfupi. Kitengo kipya kikiongezwa bila programu kuarifiwa, seva zake zote hukosekana kwa pamoja. Kukosekana kwa kundi zima ndiyo dalili yake. Kwa anwani za IPv6 njia hii haifai kabisa. Kitengo kimoja cha kawaida kina anwani 2 kwa kipeo cha 64. Programu ikijaribu anwani milioni moja kila sekunde, itahitaji zaidi ya miaka 500,000 kukimaliza. Hapo hapana budi kutumia vyanzo vingine, kama vile majedwali ya ruta au programu-wakala iliyowekwa ndani ya seva.

2.3 Je, imo?

Seva inapofikiwa bado inaweza isiingie. Sababu ya kwanza ni ruhusa. Itifaki ya SNMP, inayotumia mlango 161, katika matoleo yake ya awali kwa kawaida haimjibu muulizaji mwenye neno la siri lisilo sahihi. Ukimya huo unafanana kabisa na ukimya wa mashine isiyokuwapo. Katika Windows, mawasiliano ya WMI huanzia mlango 135 kisha huhamia mlango mwingine. Tangu Windows Server 2008, mlango huo wa pili huchaguliwa, kwa kawaida, kati ya 49152 na 65535. Ngome iliyofungua 135 pekee huruhusu mazungumzo kuanza, kisha huyakata.

Sababu ya pili ni utambulisho. Seva zilizonakiliwa kutoka mfano mmoja huweza kubeba kitambulisho kimoja, na programu huzihesabu kuwa ni seva moja. Dalili yake ni rekodi ambayo jina lake hubadilika kila ukaguzi unapofanywa. Sababu ya tatu ni vichujio: rekodi zilizopitwa na muda hufichwa, na mashine ambayo mfumo wake endeshi haukutambuliwa huwekwa katika kundi la “vifaa visivyojulikana”.

3.0 Kuhusu kuongeza kwa mkono

Wasimamizi wengi huiandika seva iliyokosekana moja kwa moja katika orodha. Njia hii huondoa dalili na kuuacha ugonjwa. Mtafiti wa lahaja aliyehoji watu wa mjini Unguja pekee hatatimiza kamusi yake kwa kudokoa neno moja la Kipemba alilolisikia kwa bahati. Atalazimika kwenda Pemba. Vivyo hivyo, seva moja iliyogunduliwa kuwa haimo ni kielelezo cha nyingine ambazo bado hazijatajwa na mtu. Inafaa ifuatiliwe mpaka sababu yake ijulikane, kisha orodha yote ilinganishwe na vyanzo huru: programu ya seva pepe, mfumo wa majina, kumbukumbu za hifadhi ya nakala na majedwali ya swichi.

4.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kukosekana kwa seva kuna maana zaidi ya moja, na kwamba mpangilio wa maswali, ipo, iko, imo, humwongoza mchunguzi kutoka kwenye mashine hadi kwenye rekodi. Msimamizi anayeripoti kwamba seva “haionekani” hajaeleza tatizo bado. Akisema kwamba ipo na iko, ila haimo, nusu ya uchunguzi imekwisha kukamilika.