KUPASULIWA TUMBO ILI KUPUNGUZA UNENE

Huko Marekani askari wa zamani walionenepa mno hupasuliwa tumbo ili wapungue. Njia zilizolinganishwa ni tatu: kulifunga tumbo pete kwa juu, kukata sehemu yake kubwa na kuiondoa, ama kubakiza kifuko kidogo na kukishona kwenye utumbo. Waganga walitoa hesabu mwaka 2016: baada ya miaka 4, kwa mtu wa kilo 150, pete ingepunguza kama kilo 16, kukata 27, kushona 41. Pete, kwa maoni yetu, haifai taabu ya kisu. Lakini aliyeshonwa utumbo lazima ameze vidonge vya vitamini na madini maisha yote, na bibi yake amkumbushe. Akiviacha, aweza kupungukiwa damu hata kama mwili umekonda vizuri.