Mabadiliko ya jina la biashara

Mabadiliko ya jina la biashara ni hatua ya kampuni, benki, duka au shirika kuacha jina linalojulikana na kuanza kutumia jingine. Makala hii inahusu hasa namna wateja waliopo wanavyoarifiwa. Mteja mpya hulipokea jina jipya bila shida. Mteja wa zamani, mwenye akiba, mkopo, bima au laini ya simu katika biashara hiyo, hujiuliza kama fedha zake ziko salama na kama mkataba wake bado una nguvu. Kazi ya kwanza ya taarifa ni kujibu maswali hayo.

Sababu

Mara nyingi jina hubadilika kwa sababu kampuni imenunuliwa, imeungana na nyingine, au muda wa kutumia jina la mmiliki wa zamani umekwisha. Sababu nyingine ni kupanua shughuli au kujitenga na sifa mbaya.

Upande wa sheria

Kubadili jina si kuanzisha kampuni mpya. Kwa sheria za makampuni za Kenya, Tanzania na Uingereza, badiliko la jina haliathiri haki wala wajibu wa kampuni. Aliyekopa chini ya jina la zamani bado anadaiwa, na aliyeweka akiba bado anadai. Hali ni tofauti biashara inapouzwa na wateja kuhamishiwa kampuni nyingine, kwani hapo upande wa pili wa mkataba umebadilika. Kwa hiyo taarifa inapaswa kueleza wazi ni lipi kati ya hayo limetokea.

Yaliyomo katika taarifa

Taarifa iliyokamilika kwa kawaida hutaja:
- jina la zamani na jina jipya kwa pamoja;
- tarehe ya kuanza kutumika;
- sababu, kwa maneno machache;
- yasiyobadilika, kama vile namba ya akaunti, bei, masharti ya mkopo na matawi;
- yanayobadilika, kama vile jina kwenye risiti, jina la mtumaji wa ujumbe mfupi na anwani ya tovuti;
- anachotakiwa kufanya mteja, hata kama ni kusema kwamba hatakiwi kufanya lolote;
- mahali pa kuuliza.

Hatua

Wafanyakazi na mawakala huarifiwa kwanza, kwa sababu ndio watakaoulizwa dirishani na kwa simu. Kisha wateja hupelekewa taarifa moja kwa moja kwa barua, baruapepe au ujumbe mfupi, na matangazo ya redio, magazeti na mabango hufuata. Mteja anayekuta kibao kipya mlangoni kabla ya kuambiwa lolote huweza kudhani kwamba kampuni imefilisika.

Baada ya hapo huja kipindi cha mpito, ambapo majina yote mawili huonekana pamoja. Kampuni ya magari ya Nissan ilitangaza mwaka 1981 kwamba ingeacha jina la Datsun katika masoko ya nje ya Japani. Kazi hiyo ilichukua miaka kadhaa, na kwa muda magari yalitangazwa kwa majina yote mawili.

Mifano

Mwaka 2016 Barclays ya Uingereza ilitangaza kupunguza hisa zake katika kundi lake la benki za Afrika. Kundi hilo lilichukua jina la Absa mwaka 2018, lakini benki za nchi mbalimbali zilipewa muda: ya Uganda ilibadilika Novemba 2019, za Kenya na Tanzania Februari 2020. Muda huo uliwawezesha wateja kulizoea jina jipya kabla halijawekwa kwenye matawi. Nchini Tanzania, benki ya NBC, ambayo Absa ina hisa nyingi ndani yake, iliachiwa jina lake.

Nchini Kenya, wateja wa mtandao mmoja wa simu waliona majina manne katika muda wa takriban miaka kumi: Kencell, Celtel mwaka 2004, Zain mwaka 2008 na Airtel mwaka 2010. Aliyebaki na laini yake aliendelea kupigiwa kwa namba ileile. Vivyo hivyo, Tigo ya Tanzania ilipoitwa Yas mwezi Novemba 2024 na huduma ya Tigo Pesa kuitwa Mixx by Yas, wateja walibaki na namba zao.

Si kila jina jipya hukubalika. Shirika la posta la Uingereza lilijiita Consignia mwaka 2001. Jina hilo halikuwaambia watu kwamba linahusu barua, likadhihakiwa sana, na mwaka 2002 uamuzi wa kuliacha ulitangazwa. Nafasi yake ilichukuliwa na Royal Mail, jina ambalo umma ulikuwa ukilijua.

Hatari ya utapeli

Kipindi cha mpito ni nafasi nzuri kwa matapeli. Mteja amekwisha kuambiwa atarajie ujumbe wenye jina asilolizoea, hivyo ni rahisi kumtumia ujumbe wa uongo unaomtaka "ahakiki akaunti" kwa kutoa namba ya siri. Kwa sababu hiyo taarifa nzuri hutaja mapema jina la mtumaji na anwani ya tovuti vitakavyotumika, na husisitiza kwamba badiliko la jina halihitaji mteja kutoa namba ya siri wala kutuma fedha. Mteja mwenye shaka hushauriwa kutofungua kiungo alichotumiwa, bali kufika kwenye tawi au kupiga namba aliyokuwa nayo tangu zamani, kwa mfano iliyo nyuma ya kadi yake. Kampuni nayo inapaswa kuiacha namba hiyo ya zamani, pamoja na anwani ya zamani ya tovuti, ziendelee kufanya kazi kwa muda mrefu.