Kuanza Mazoezi ya Mwili kwa Kiasi

Wasikilizaji, mtu aliyelima tangu utoto, akifika mjini akapewa kiti na meza ya ukarani, hujiona amepumzika. Kweli amepumzika, lakini moyo wake umeacha kazi uliyoizoea. Jambo hili lilichunguzwa London. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walitangaza habari za watumishi wa mabasi ya ghorofa. Dereva alikaa kutwa. Kondakta alipanda na kushuka ngazi akitoza nauli. Maradhi ya moyo yalionekana zaidi kwa madereva. Baadaye, mwaka 1956, ilijulikana pia kwamba madereva, hata vijana wao, walivaa suruali za viuno vipana zaidi. Basi huenda kiti si sababu peke yake. Hata hivyo kondakta hakuwa mshindani wa mbio. Alipanda ngazi tu, kila siku.

Hapo ndipo wengi wakoseapo. Karani akiogopa tumbo lake huamka alfajiri, akakimbia mpaka pumzi zikamwishia. Siku ya pili na ya tatu miguu humwuma hata kukaa ni taabu, naye huacha kabisa. Maumivu hayo si ugonjwa. Ni misuli iliyopewa mzigo isiouzoea.

Shirika la Afya Duniani, katika mashauri yake ya mwaka 2020, lataka mtu mzima apate dakika 150 au zaidi za mwendo wa wastani kila juma. Usianze na hizo. Tembea upesi dakika 10 kila jioni, siku 5 katika juma, kwa saa ile ile na njia ile ile; kila juma ongeza dakika 5. Juma la tano utafikia dakika 30 kwa siku, nazo ndizo 150. Kipimo cha mwendo ni pumzi: uweze kuzungumza, usiweze kuimba. Wala usijiwekee ahadi ya kupunguza tumbo, maana tumbo halitii amri. Ahidi kutembea, jambo lililo katika uwezo wako. (Mama achotaye maji mbali amekwisha kufanya haya bila kuambiwa.)

Kifua kikiuma au kizunguzungu kikikushika, simama, ukamwone mganga wa hospitali. Na mvua au msiba ukikukatiza siku moja, usiilipe kwa kuzidisha ya kesho. Endelea pale ulipoachia.